Nimekuwa Kocha Msaidizi kwa Miaka Sita: Je, Niondoke Nikawe Kocha Mkuu wa Chuo Kidogo?

Kwako Bi Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Mombasa, nina umri wa miaka 29, na kwa miaka sita sasa nimekuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu katika chuo kikuu kimoja cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, nchini Marekani. Mchezo huu niliupenda nikiwa mtoto, nilipokuwa nikienda ukumbi wa Makande kuwatazama wanawake wa KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, wakicheza, na ndio ulionipatia ufadhili wa masomo huku. Nilipomaliza shahada ya kwanza, kocha mkuu aliyenifundisha aliniomba nibaki naye: miaka miwili nilimsaidia huku nikisomea shahada ya uzamili, mwaka mmoja nikafanya kazi kwa kibali cha wahitimu, na huu ni mwaka wa tatu ninafanya kazi kwa viza ya H-1B.

Naomba kwanza nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu jamaa zangu wengi hudhani kwamba kocha msaidizi ni mtu wa kubeba mipira na chupa za maji. Sisi wasaidizi hugawana timu pinzani. Ikifika zamu yangu, hutazama michezo mitano au sita ya mwisho ya timu hiyo, nikiisimamisha na kuirudisha video hadi nielewe ni mchezaji gani anapenda kupita upande wa kulia, nani huogopa mitupo huru katika robo ya nne, na kocha wao huagiza nini anapotoka kwenye mapumziko mafupi. Kisha huandika kurasa chache ambazo wasichana wetu wanaweza kuzisoma bila kuchoka, nikawafundisha vijana wa kiume wanaofanya mazoezi nasi waigize mchezo wa wapinzani, na siku ya pili yake tukaujaribu ulinzi wetu dhidi yao.

Februari iliyopita niligundua kwamba senta wa timu moja kubwa, kila alipopokea mpira akiwa ameipa pete mgongo, aligeukia bega la kushoto, hata alipokuwa na nafasi wazi upande wa kulia. Nilimwonyesha senta wetu vipande kumi na viwili vya video, tukafanya mazoezi ya mguu wa kusimamia kila asubuhi kwa siku tatu, na usiku wa mchezo alimzuia msichana yule mara nne katika nusu ya kwanza. Alipokuwa akirudi kwenye benchi alinitazama tu, wala hakusema neno. Nimeshapata furaha nyingi maishani, Bi Mshauri, lakini ile sijui niifananishe na nini.

Sasa nije kwenye shida yangu. Timu yetu imepoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda kwa misimu miwili mfululizo, na mkataba wa kocha wangu mkuu umebakiza mwaka mmoja. Mwaka jana cheo cha naibu kocha mkuu kilipotangazwa, kilipewa mwanamume aliyejiunga nasi miaka miwili baada yangu, na ambaye maandalizi ya wapinzani wake mara nyingi huja kuniuliza mimi. Sikusema kitu. Nilimpongeza, nikaenda zangu nyumbani, nikalia.

Wiki iliyopita chuo kimoja kidogo cha Divisheni ya Tatu, katika jimbo jirani, kilinipigia simu kikinitaka niwe kocha wao mkuu. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko wa sasa, lakini nitakuwa na timu yangu mwenyewe na jina langu litaandikwa mlangoni. Wamenipa siku kumi za kujibu.

Mama yangu alifurahi mno aliposikia. Kwa muda mrefu amekuwa akiniuliza, "Bado wewe ni msaidizi? Msaidizi wa nani, na mpaka lini?" Wewe wajua neno hilo kwetu lina maana gani, katika harusi ya binamu yangu shangazi alinitambulisha kwa wageni kuwa ni msaidizi wa mwalimu wa michezo, na bibi mmoja akaniuliza kama huwa nafua pia jezi. Kinachonitesa zaidi ni jambo ambalo sijamwambia yeyote: sina hakika kama nataka kuwa kocha mkuu. Naona haya kulisema, kwa sababu kila mtu katika kazi hii huulizwa ni lini atapata timu yake, na asiyeitaka huonekana kwamba hana azma. Nifanye nini?

Wako mtiifu,
Binti wa Makande

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeusoma waraka wako mara tatu, na mara ya tatu niliusoma kama wewe unavyozitazama zile video zako, nikiangalia mkono unaelekea wapi kabla mtu hajaamua kuupeleka. Senta mmoja aliyegeukia bega la kushoto umempa aya nzima. Chuo kinachotaka kukukabidhi timu umekipa sentensi tatu, zote zikihusu cheo, mshahara na siku ya mwisho ya kujibu. Hukumtaja mchezaji wao hata mmoja, wala hukuniambia kama umewahi kutazama mchezo wao wowote. Mtu wa kazi yako anayeitamani timu angekuwa ameshatazama michezo yao mitano kufikia usiku wa pili. Kwa hiyo sehemu moja ya swali lako umekwisha kujijibu, na kazi yangu ni kukuondolea haya uliyoambatanisha na jibu hilo, kisha nikuonyeshe hatari ambayo naona hujaipima vya kutosha.

Tuanze na neno "msaidizi". Wazee wetu wa pwani walijua kwamba chombo kina nahodha na kina rubani, na kwamba rubani anayejua miamba ya mlango wa bandari hakuitwa nahodha aliyeshindwa. Katika mchezo wako wako watu walioifanya nafasi hiyo kuwa kazi ya maisha. Chris Dailey aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut pamoja na kocha mkuu Geno Auriemma mwaka 1985, wakati timu hiyo ilikuwa imepata msimu mmoja tu wa ushindi katika historia yake, na miongo minne baadaye bado yuko kando yake. Mwaka 2018 aliingizwa katika Ukumbi wa Umashuhuri wa Kikapu cha Wanawake ulioko Knoxville, na mwaka 2025 timu yao ilitwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya 12. Lisa Boyer naye alianza kufanya kazi na kocha mkuu Dawn Staley wakiwa Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2002, akamfuata Chuo Kikuu cha South Carolina, na ubingwa wa 2017, 2022 na 2024 una alama za mikono yake. Sidhani kama yupo mtu katika kumbi hizo anayewauliza wanawake hawa kama huwa wanafua jezi.

Lakini usinielewe kwamba nakuambia ukae hapo ulipo, kwani ndipo lilipo shaka langu kubwa. Watazame vizuri wasaidizi waliodumu, utaona kwamba wengi wao walidumu kando ya makocha wakuu ambao viti vyao havikutikisika. Holly Warlick alimsaidia Pat Summitt kule Tennessee kwa misimu 27 kabla ya kukabidhiwa timu mwaka 2012, na aliipokea katika hali ya majonzi, Summitt akiwa mgonjwa. Jan Jensen alikuwa na Lisa Bluder pale Iowa tangu mwaka 2000, akairithi timu mwaka 2024 Bluder alipostaafu. Subira ya namna hiyo huwa na maana pale ambapo anayekutangulia ataondoka kwa hiari yake na sauti yake itasikilizwa atakaposema nani amrithi. Kocha wako, kwa ulivyonieleza, huenda akaondolewa, na kocha akiondolewa, mrithi wake kwa kawaida huja na watu wake. Pengine hata yule naibu hatakipata kiti hicho. Tena mchezo wenu umeingia fedha na macho ya watu: fainali ya wanawake ya 2024 ilitazamwa na watu karibu milioni 19, ikaizidi ya wanaume, nami naamini kwamba vyuo vinavyoona nafasi ya mapato vitakuwa na subira ndogo zaidi kwa makocha wanaopoteza.

Kwa mwenzako Mmarekani jambo hilo ni la kuhama nyumba na kuanza kupiga simu, lakini wewe una viza. Mwenye H-1B akipoteza kazi huwa na siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine atakayewasilisha maombi kwa ajili yake, au abadili hadhi yake, la sivyo aondoke. Siku 60 katika mwezi wa Aprili, wakati kila chuo kinaajiri, zinaweza kutosha. Siku hizo hizo katikati ya Julai ni chache mno. Una nafuu moja ambayo usiisahau: vyuo vikuu havifungwi na ile idadi ya viza inayogawiwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine ni rahisi kuliko kwenda kwenye timu ya kulipwa au shirika la biashara. Na kwa kuwa viza yenyewe kwa kawaida haizidi miaka sita, nawe umeshatumia karibu nusu, swali la ukazi wa kudumu lazima uliulize mwaka huu, kwa sababu hatua zake zinapaswa kuanza muda mrefu kabla ya mwaka wa sita kwisha. Mtafute wakili wa uhamiaji ambaye ni wako mwenyewe, kwani yule wa chuo humlinda mwajiri wake. Na lolote utakaloamua, usiandike barua ya kujiuzulu kabla mwajiri mpya hajawasilisha maombi yako na ukaiona risiti kwa macho yako.

Kuhusu yule mwanamume, nimehuzunika, wala sitakuambia kwamba umeona vibaya. Kabla ya 1972, mwaka ilipopitishwa sheria ya Title IX iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali ya Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Sheria hiyo ilileta fedha na mishahara, mishahara ikawaleta wanaume, na leo wanawake ni chini ya nusu ya makocha wakuu wa timu hizo, ingawa kikapu kina hali bora kidogo kuliko michezo mingine mingi. Muffet McGraw, aliyekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, alilisema jambo hili waziwazi mwaka 2019, naye aliweka wanawake watupu katika benchi lake la ufundi. Mmoja wao alikuwa Niele Ivey, msaidizi wake tangu 2007, ambaye aliondoka 2019 kwenda kuwa kocha msaidizi wa Memphis Grizzlies katika NBA, na mwaka uliofuata akarudi Notre Dame kuwa kocha mkuu McGraw alipostaafu. Angalia kwamba hata yeye, mtoto wa nyumba ile, aliondoka kwanza.

Hata hivyo, mwanangu, kuna sentensi moja katika barua yako iliyonifanya niweke miwani chini: "Sikusema kitu." Kocha wako mkuu amekujua tangu ulipokuwa mchezaji wake. Inawezekana kabisa kwamba anakuona bado ni yule msichana mtiifu aliyeshuka kutoka Mombasa, na kwamba hajawahi kukusikia ukitaka kitu. Kim Mulkey alikuwa msaidizi pale Louisiana Tech, chuo alichokichezea, kwa miaka 15. Mwaka 2000 walipotaka kumpa timu, aliomba mkataba wa miaka mitano, hakupewa, akaenda Baylor, na huko akashinda ubingwa mara tatu. Hukuitwa uwe kama Mulkey kwa hasira wala kwa maneno, lakini jifunze kutaja unachokitaka mbele ya mwenye uwezo wa kukitoa.

Basi kabla siku hizo kumi hazijapita, omba saa moja ya kocha wako, mlango ukiwa umefungwa. Usimlalamikie kuhusu yule bwana. Mwambie kwamba unataka kukabidhiwa ulinzi wa timu wote, maandalizi yake na maamuzi yake wakati wa mchezo, pamoja na cheo kinacholingana na kazi hiyo, vyote kwa maandishi. Muulize pia wazi wazi anaonaje mwaka wake wa mwisho wa mkataba. Uliza jambo jingine ambalo wasaidizi vijana hulipuuza: wewe uko katika kiti kipi? Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliyoanza Julai 2023 iliongeza wasaidizi kutoka watatu hadi watano, lakini wale wawili walioongezwa hawakuruhusiwa kutoka nje ya chuo kwenda kusaka wachezaji. Msaidizi asiyetoka hawajui makocha wa shule za sekondari, wazazi hawamjui, na siku hizi ambapo wachezaji huhama vyuo kila majira ya kuchipua, uhusiano huo ndio unaomfanya kocha mkuu mwingine akutafute. Ustadi wako wa video ni mkubwa, lakini video huonekana na watu wa ndani tu.

Sasa kile chuo kidogo. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo kumshawishi msichana aje kwako kuna maana ya kumweleza yeye na wazazi wake ni kwa nini walipe ada. Huenda ukapewa msaidizi mmoja, tena wa muda, nawe ukabebeshwa jukumu jingine la chuo juu ya kufundisha. Bajeti, mabasi, chakula cha safarini na simu za wazazi vitakuwa vyako. Hiyo ni kazi ya heshima na walimu wazuri sana wametoka huko, kwani huko mtu hujifunza kuamua. Ila muda wa kukaa na video hadi usiku wa manane, na ile asubuhi ya mguu wa kusimamia, ndivyo vitakavyopungua kwanza. Tena waulize leo kama wako tayari kuwasilisha maombi ya viza na kulipa gharama zake. Kama chuo hakijawahi kumwajiri kocha kwa H-1B, watahitaji muda zaidi ya siku kumi ili kuelewa tu unachowauliza.

Ushauri wangu ni kwamba uwakatalie, kwa shukrani na kwa simu, usitumie ujumbe wa kuandika. Zungumza na kocha wako. Akikupa ulinzi na cheo, malizia naye mwaka huo ukijua hatari yake. Akikupa maneno mazuri yasiyo na karatasi, anza majira haya haya kutafuta nafasi ya usaidizi katika chuo kingine ambacho kocha mkuu ana miaka mitatu au minne mbele yake na anahitaji mtu wa ulinzi. Chama cha makocha wa kikapu cha wanawake, WBCA, hufanya mkutano wake wakati wa fainali za taifa, na wanaoajiri hukutana pale pale kwenye korido. Nenda na ripoti zako tatu bora, ukiwa umezisafisha ili siri za timu yako zisionekane.

Na hilo la kutojua kama unataka kuwa kocha mkuu, si lazima ulijue mwaka huu, lakini unaweza kulipima bila kuhatarisha viza yako wala riziki yako. Rena Wakama, Mmarekani wa wazazi wa Nigeria, alitokea katika ofisi za makocha wa timu za vyuo huko huko uliko. Mwaka 2023 aliiongoza Nigeria kutwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake mjini Kigali, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kama kocha, na mwaka uliofuata kule Paris akaifikisha robo fainali ya Olimpiki, hatua ambayo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kuifikia. Liandikie shirikisho la kikapu la Kenya, ujitolee kuwaandalia Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, ripoti za wapinzani, au uombe kushika timu ya vijana kwa wiki tatu za likizo. Kabla ya kukata tiketi, hakikisha na wakili wako kwamba stempu ya viza itakuruhusu kurudi. Ukijikuta usiku, baada ya mchezo, unafikiria ubadilishe nani na lini, utakuwa umepata habari. Ukijikuta umerudi kwenye video, hiyo pia ni habari.

Mama yako usimwandikie maelezo marefu. Mtumie vile vipande kumi na viwili vya yule senta, kisha umtumie mchezo wenyewe, umwambie atazame mguu wa msichana wenu. Yeye ndiye aliyekuacha uende Makande ukiwa mtoto, ataelewa akiona.

Niandikie tena baada ya kuonana na kocha wako. Nataka kujua amejibu nini kuhusu ulinzi.